Tuiwekee maktaba ya jiji wakfu wake

Kwa Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji mwenzangu uliyoichapisha wiki jana, ambamo alipendekeza kila mkazi wa Nairobi achukue kitabu kimoja kilicholala nyumbani kwake na kukipeleka kwenye maktaba ya jiji. Nia yake ni njema na simlaumu. Hata hivyo, mimi nimefundisha Kiswahili katika shule za Eastlands kwa miaka 31, na niliwahi kupewa jukumu la kupokea maboksi ya misaada ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo pendekezo lake limenitia wasiwasi, na naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini, kisha niseme ni wapi ukarimu wa wakazi wa jiji hili ungefaa kuelekezwa: kwenye wakfu, yaani mali inayofungwa isiuzwe ili faida yake itunze maktaba.

Miaka kadhaa iliyopita, shule niliyokuwa nikifundisha iliarifiwa kwamba wahisani wa ng'ambo wameikusanyia vitabu. Tulifurahi mno. Wazazi walichanga nauli ya lori la kuvitoa Mombasa, mwalimu mkuu akatayarisha hotuba, na maboksi 40 yakapangwa kwenye jukwaa ili picha ipigwe. Picha ilitoka vizuri. Jumamosi iliyofuata walimu wanne tulianza kuyafungua, tukakuta miongozo ya kujaza fomu za kodi za nchi nyingine, vitabu vya kufundishia kompyuta ambazo hata mafundi wa Luthuli Avenue walikuwa wamezisahau, ensaiklopidia iliyokosa juzuu tano, na nakala 63 za kitabu kimoja cha upishi wa mikate ya Krismasi. Vilivyofaa mwanafunzi wa Nairobi vilijaa maboksi mawili, labda na nusu. Yaliyobaki yalikaa stoo miaka sita, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuutupa msaada, hadi mchwa walipotuondolea aibu hiyo. Na muda wote huo tuliendelea kuandika barua za shukrani.

Sisimulii haya ili kuwakejeli waliotuma. Nataka kuonyesha kwamba kitabu hakiwi cha maktaba kwa kuingizwa tu mlangoni. Lazima mtu akisome juujuu ajue kinahusu nini na kinamfaa nani, akipe nambari ya rafu, akiingize kwenye katalogi, akigonge muhuri, akifunike jalada na kukibandika lebo, na baada ya hapo akikague kila mwaka kuona kama bado kipo na kama bado kinasomeka. Hiyo ni kazi ya mkutubi, na mkutubi hulipwa mshahara. Hata shirika la Book Aid International la Uingereza, lililoanza mwaka 1954 kwa kukusanya vitabu vilivyokwisha kutumiwa, siku hizi hutuma vitabu vipya kutoka kwa wachapishaji. Nadhani walifunzwa na maboksi kama yale yetu.

Sasa tutazame hali ya jiji lenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Umati huo una maktaba tatu za umma zilizo chini ya kaunti: McMillan katikati ya jiji, na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara. Zipo pia za Huduma ya Maktaba ya Taifa, ile kubwa ya Upper Hill na ya Buruburu, lakini hizo ni za serikali kuu na zina bajeti yake, kwa hiyo leo naziacha kando. Tatu kwa watu zaidi ya milioni nne. Kijana wa Kasarani au Dagoretti anayetaka meza tulivu ya kusomea mtihani wa kidato cha nne hupanda matatu mbili na kurudi kwa matatu mbili, na nauli hiyo ya siku tano ingetosha kumnunulia kitabu cha kiada.

Historia ya McMillan yafaa kukumbukwa kila tunapozungumzia hisani, maana jengo hilo ni hisani iliyojengwa kwa mawe. Lilifunguliwa mwaka 1931 katika barabara ya Banda. Aliyelijenga ni Lucie McMillan, kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa Juja, akafariki mwaka 1925 na kuzikwa mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mwaka 1938 ikatungwa sheria mahususi kwa ajili ya maktaba hiyo, heshima ambayo ni vigumu kupata jengo jingine hapa nchini lililowahi kupewa. Lakini zawadi ile ilikuja na masharti yake, na sharti kubwa lilikuwa mlangoni: kwa zaidi ya robo karne maktaba ilikuwa ya Wazungu peke yao. Marehemu baba yangu alikuwa tarishi wa afisi moja karibu na hapo. Aliwapita simba wawili wa mawe walioko mbele ya jengo hilo kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, akiwa na bahasha za watu wengine mkononi, na alikuwa akituambia kwamba aliwajua simba wale kuliko alivyomjua mwajiri wake. Ndani hakuwahi kuingia hadi Baraza la Jiji lilipochukua usimamizi mwaka 1962 na kuifanya ya umma. Siku aliyoingia, alisema, hakusoma chochote. Aliketi tu.

Nimelileta jambo hili kwa sababu tunapenda kusema kwamba zawadi haiulizwi. Zawadi kwa maktaba inapaswa kuulizwa maswali mengi sana, na la kwanza ni kwamba imekuja na sharti gani. Sharti la akina McMillan lilikuwa rangi ya ngozi. Andrew Carnegie naye alikuwa na lake. Mtu huyo alizaliwa Dunfermline, Scotland, akatajirikia chuma nchini Marekani, na kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba 2,509, zikiwemo 1,689 za Marekani na 660 za Uingereza na Ireland. Hakuwa malaika. Mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha Homestead waliuawa katika mgogoro wa mishahara, na wapo waliosema kwamba wangependelea ujira mzuri kuliko maktaba. Lakini kuhusu maktaba zenyewe alikuwa na akili ya mfanyabiashara. Alitoa fedha za jengo pekee. Mji ulitakiwa kutoa kiwanja, kisha kujifunga kutenga kila mwaka, kutoka katika fedha za umma, kiasi kisichopungua asilimia 10 ya alichotoa yeye. Mji uliopewa dola 10,000 ulijifunga kutumia dola 1,000 kila mwaka kwa mishahara, vitabu, taa na paa. Ilikuwepo miji iliyolipima sharti hilo, ikaona haitaliweza, ikakataa zawadi. Mimi naiheshimu miji hiyo kuliko viongozi wetu wanaokata utepe leo na kuacha mfereji wa maji ya mvua uzibe kesho.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi, cha mji wa Chicago. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo. Watu wa Uingereza, wakidhani kwamba maktaba ya umma ya Chicago imeungua, walichanga vitabu vipatavyo 8,000, Malkia Victoria akiwa miongoni mwa waliotoa, wakavisafirisha kuvuka bahari. Kumbe mji ule haukuwa na maktaba ya umma ya bure hata kabla ya moto! Vitabu vikawa njiani na hapakuwa na mahali pa kuviweka wala sheria ya kuruhusu mji kutoza kodi kwa ajili hiyo. Wenyeji wakalazimika kutafuta sheria, ikapitishwa mwaka 1872, na tarehe 1 Januari 1873 maktaba ikafunguliwa ndani ya tangi kuukuu la maji lililokuwa limeachwa. Msomaji mwenzangu anaweza kunijibu kwamba hapo kweli vitabu vya msaada vilizaa maktaba. Nami nitakubali, lakini nimwombe aangalie kilichofanya maktaba ile iishi hata baada ya vitabu vyenyewe kuchakaa, yaani ile kodi ndogo ya kila mwaka iliyowekwa kisheria.

Turudi nyumbani. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na kaunti kufufua maktaba hizi tatu, na yeyote aliyeziona Kaloleni na Makadara kabla na baada ya ukarabati anajua kazi iliyofanywa. Nilisoma Kaloleni nilipokuwa kijana, kwenye viti vya mbao vilivyokuwa vikikwama sakafuni, na nilipoingia tena baada ya ukarabati nilikuta watoto wamejaa, baadhi wamelala kifudifudi kwenye mkeka wakisoma kwa sauti ya chini. Nilitoka nimefarijika, lakini nilitoka pia na swali ambalo mtu mzee hawezi kulikwepa. Rangi ya ukuta itadumu miaka mitano au sita, na kompyuta labda minne. Vitabu vya watoto, kwa uzoefu wangu, vikipendwa sana havimalizi miaka miwili kabla ya kurasa kuanza kuchomoka. Wahisani hupenda kufungua jengo, na hilo ni la kibinadamu, maana kila mtu anataka kuonyesha alichofanya. Ni nani atakayefurahi jina lake liandikwe kwenye bomba la choo lililobadilishwa, au kwenye mshahara wa mlinzi wa zamu ya usiku? Methali ya ufa na ukuta nimeifundisha tangu nilipokuwa na nywele nyeusi, na bado sijaona harambee iliyoitishwa kwa ajili ya ufa.

Ndiyo maana napendekeza maktaba ya jiji iwekewe wakfu. Neno hili si geni kwetu wala halikuletwa na mashirika ya kisasa. Katika miji ya pwani, kwa karne nyingi, mtu mwenye nyumba au shamba la minazi aliweza kulitoa wakfu: mali yenyewe ikafungwa, isiuzwe, isirithiwe, isigawanywe, na kodi yake au mazao yake yakatunza msikiti, kisima au chuo cha Kurani. Aliyetoa alikufa, wajukuu wake wakafa, na taa ya msikiti ikaendelea kuwaka kwa mafuta ya nazi ya minazi ileile. Ukitoka McMillan, hatua chache tu, unaufikia msikiti wa Jamia, na waumini wa pale hawahitaji kufundishwa na mtu kama mimi tofauti kati ya sadaka inayotumika leo na ile inayoendelea kuzaa.

Hesabu yake ni rahisi, na ni ya mfano tu. Tuseme wakazi 20,000, yaani takriban mtu mmoja kati ya kila 220 waliohesabiwa mwaka 2019, wanachanga shilingi 100 kila mwezi. Hizo ni shilingi milioni 2 kwa mwezi, milioni 24 kwa mwaka, na milioni 96 kwa miaka minne, kabla ya faida yoyote. Fedha hizo zikiwekwa kwenye hatifungani za serikali, yaani serikali ikikopeshwa kwa riba, na kuzaa asilimia 10, wakfu utapata zaidi ya shilingi milioni 9 kwa mwaka. Sehemu moja irudishwe kwenye mtaji ili kupanda kwa bei kusiule, na sehemu nyingine, tuseme milioni 5, inunue vitabu na kuziba paa. Kwa bei ya wastani wa shilingi 1,000 kwa kitabu, hata milioni 3 tu zinaleta vitabu vipya 3,000 kila mwaka, vilivyochaguliwa na wakutubi wetu wenyewe kwa kuangalia watu wanaulizia nini. Wakfu wa namna hii unaweza kununua hadithi za watoto za Kiswahili zinazochapishwa papa hapa Nairobi, na mashairi, na vitabu vya Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na Kisomali kwa wazee wanaotaka kusoma lugha zao, na hivyo kuwapa soko wachapishaji ambao tangu sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mwaka 2013 ilipoanza kutoza vitabu asilimia 16 hawajapata usingizi mzuri. Boksi la mikate ya Krismasi haliwezi kufanya lolote kati ya hayo.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa sababu mke wangu amelitoa tayari mezani, na yeye huwa hasubiri kwa adabu nimalize kueleza. Tunalipa kodi na leseni na ada za maegesho, alisema, na Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la maktaba. Kwa nini raia alipe mara mbili? Na je, kaunti ikiona wananchi wanachanga, haitapunguza bajeti yake kwa kiasi hichohicho na kutuachia mzigo wote? Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipuuza. Jibu langu ni lile sharti la Carnegie, ila safari hii liwekwe na wengi badala ya tajiri mmoja. Mkataba wa wakfu useme wazi kwamba shilingi ya wananchi haitatoka mpaka bunge la kaunti liwe limepitisha mgao wa mwaka huo usiopungua wa mwaka uliotangulia, na kwamba mishahara ya wakutubi na walinzi, umeme na maji vitabaki juu ya kaunti daima. Mgao ukipunguzwa, faida ya mwaka huo irudi kwenye mtaji, na sababu itangazwe magazetini. Diwani atakayepunguza fedha za maktaba atakuwa amewafungia watoto vitabu ambavyo wazazi wao wamekwisha kuvilipia, na atalazimika kulieleza hilo katika wadi yake mwenyewe. Leo anaweza kuzipunguza na hakuna atakayejua.

Pingamizi la pili, kwamba fedha zitaliwa, silihitaji kulieleza kwa Mkenya yeyote. Tumechanga sana katika nchi hii. Shule nyingi za sekondari zilizofunguliwa baada ya uhuru zilijengwa kwa harambee, kuku na mbuzi wakiuzwa kwa mnada kwenye uwanja wa chifu, na baadaye harambee hiyohiyo ikageuka kuwa jukwaa la wanasiasa kushindana kwa bahasha. Kwa hiyo sitaki harambee, wala mgeni wa heshima. Nataka nambari moja ya malipo ya M-Pesa, wadhamini wachache wasiolipwa, wakiwemo mkutubi, mhasibu aliyesajiliwa, mwalimu na wasomaji wawili waliochaguliwa na wanachama wa matawi ya Kaloleni na Makadara, na ubao mlangoni mwa kila maktaba unaoonyesha kila mwezi kilichoingia, kilichotoka na kilichonunuliwa. Mtoto wa darasa la sita aweze kuusoma ubao huo akauliza kwa nini kitabu fulani hakipo rafuni ilhali kimeandikwa kwamba kimenunuliwa. Ukaguzi wa watu wa mtaa nauamini kuliko wa kamati yoyote.

Kwa wenye uwezo mkubwa zaidi, kampuni na wafanyabiashara wa jiji, mlango uwe wazi, ila jina la mtu lisibandikwe kwenye jengo. Tumeshakuwa na jengo moja lenye jina la aliyetoa, na tunaendelea kuliita hivyo bila kinyongo kwa kuwa ni historia yetu pia. Lakini mchango wa shilingi milioni moja usimpe mtu kiti cha mdhamini, wala haki ya kuamua kitabu gani kisiwekwe, wala siku ya kufunga ukumbi kwa ajili ya hafla ya wafanyakazi wake. Akitaka kukumbukwa, apewe ukurasa katika daftari la wachangiaji, kwenye mstari wa ukubwa uleule na wa mama mboga wa Marikiti aliyetoa mia moja.

Nina ombi mahususi kwa afisi ya kaunti inayosimamia maktaba na kwa wale wanaoshirikiana nayo: waketi, waandike mkataba wa wakfu huo kabla ya bajeti ijayo kusomwa, na wautangaze kwa Kiswahili, ili mchangiaji wa Makadara aelewe anatia sahihi kitu gani. Na kwa msomaji mwenzangu aliyenisukuma kuandika, ninakubaliana naye juu ya kile kitabu kilicholala nyumbani. Akitoe, ila ampelekee mchuuzi wa vitabu wa kando ya barabara, wale tunaowaita inama, ambao wanajua kuliko mtu yeyote ni kitabu gani kinatafutwa na nani. Kisha fedha atakazopata aziweke kwa ajili ya maktaba. Mimi nimekwisha kujaribu. Jumanne nilishuka mjini na vitabu saba kutoka rafu yangu, kimoja nikakirudisha kwenye mfuko kwa sababu roho ilikataa, na kwa sita vilivyobaki nikapewa shilingi 650. Ziko kwenye simu yangu, zinangoja nambari ya kuzituma.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Makadara, Nairobi